Mwanangu askari akiamriwa kuwapiga waandamanaji, dhambi ni ya nani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shehe. Mimi ni mama, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nina watoto wawili wa kiume. Mkubwa ni askari wa FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, mdogo anasoma chuo Dar es Salaam. Tangu yale maandamano na vurugu za Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, nyumba yangu haina utulivu. Mkubwa anasema, "Mama, mimi natii amri tu, dhambi ni ya aliyeniamuru." Mdogo anasema kuandamana ni haki yake na ni katika kukataza maovu. Majirani wananiambia maandamano ni haramu, basi. Naomba unifahamishe: dhambi ya askari anaibeba nani? Mdogo nimzuie au nimwache? Na huyu mkubwa, nimwambie aache kazi?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yangu. Allah akutulizie moyo na akuhifadhie wanao wote wawili.

Nianze na mkubwa, maana kauli yake nimeisikia kwa askari wengi tunaoswali nao safu moja, na ni kauli ya hatari kwa akhera yao. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alituma kikosi, akamweka mtu katika Ansari awe amiri wao, na akawaamuru wamtii. Njiani yule amiri akawakasirikia. Akawaambia wakusanye kuni, wawashe moto, kisha akawaamuru waingie ndani yake. Wapo waliotaka kuingia. Wengine wakasema: sisi tumemkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto, leo tuuingie? Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira za amiri zikatulia. Habari zilipomfikia Mtume akasema kwamba lau wangeuingia wasingetoka humo, na kwamba utii uko katika mema.

Tazama, dada yangu. Amiri yule aliwekwa na Mtume mwenyewe, na amri ya kumtii ilitoka kinywani mwa Mtume. Bado haikuwa udhuru kwa mwenye kutii katika haramu. Kamanda wa leo atampa mwanao udhuru gani? Qur'ani katika Suratul Qasas, aya ya 8, imewataja Firauni na waziri wake Hamana, haikuishia hapo, ikaongeza "na majeshi yao", kwamba wote walikuwa wakosefu. Aliyeamuru ana dhambi yake kamili, na aliyetekeleza ana yake. Hawagawani nusu kwa nusu.

Sisemi kwamba kila anachofanya askari siku ya maandamano ni dhulma. Mtu anapochoma duka la mwenziwe, anapovunja kituo au kumshambulia mpita njia, kumzuia ni wajibu, na askari anayefanya hivyo kwa nia njema ana ujira. Mtume amesema tumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Ila kumzuia kuna kipimo. Anayetosha kushikwa mkono hapigwi rungu. Anayekimbia hapigwi risasi ya mgongo. Aliyelala chini, au aliyekwisha kufungwa pingu, kila pigo analopigwa baada ya hapo ni dhulma tupu, hata kama dakika tano nyuma alikuwa anarusha mawe. Sahaba Hisham bin Hakim (r.a.) alipita Sham, nchi za upande wa Syria, akakuta wakulima wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi, akasema ameshuhudia Mtume akisema kwamba Allah atawaadhibu wale wanaowaadhibu watu duniani. Wale walikuwa wasiokuwa Waislamu, na walikuwa wanadaiwa kweli. Ameipokea Muslim.

Na mwanao asidhani akishika dini atakuwa amevunja sheria ya kazi yake. Katiba yetu, ibara ya 14, inalinda uhai, ya 15 inakataza mtu kukamatwa nje ya utaratibu wa sheria, na ya 13 inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike, tena inakataza mateso. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa aambiwe kosa lake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zimeruhusu risasi kwa ajili ya kuokoa maisha yaliyo hatarini, na zimesema wazi kuwa amri ya mkubwa si kinga kwa askari aliyejua kuwa amri hiyo ni batili akawa na nafasi ya kuikataa.

Liko jambo wengi hulichukulia jepesi: kuzoa vijana mtaani kwa sababu tu wapo mtaani, au kuingia majumbani usiku kumtafuta mtu. Allah amesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kijana anayetoka kununua mkate habebeshwi kosa la waliochoma matairi barabara ya pili. Na Suratun Nur imekataza kuingia nyumba za watu bila idhini, Hujurat ikakataza upelelezi wa aibu zao na ikatuamuru kuhakiki habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga. Kufungua simu ya mtu na kusoma mazungumzo yake na mkewe bila sababu ya kisheria kumo humo humo.

Sasa mdogo. Majirani wanaosema haramu moja kwa moja wana wanazuoni nyuma yao; Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia hakuyaona maandamano kuwa njia ya kurekebisha watawala. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliyaruhusu yakiwa ya amani. Ninaloliona mimi ni kwamba kukusanyika kwa amani kudai haki ni katika mambo ya dunia ambayo asili yake ni ruhusa, na Mtume amelisifu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni jihadi bora. Nchi hii nayo imelikubali hilo katika ibara ya 18 na ya 20. Zamani ilibidi kuomba kibali. Jaji Lugakingira, katika kesi ya Mchungaji Mtikila iliyofunguliwa 1993, alisema kibali hicho kinapingana na Katiba, ndipo ikabaki taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Watu wa Tanga hatuoni ajabu kutoka barabarani kwa wingi, maana zafa, ile misafara ya Maulidi, tunazijua, na dufu likipita askari husimama wakaongoza magari. Wanaojua kuongoza msafara wa dufu wanaweza kuongoza na msafara wa mabango.

Hata hivyo ruhusa hiyo inakatika mtu akiokota jiwe. Kuchoma basi la mtu kwa hasira ya uchaguzi ni haramu, na anayefanya hivyo anadaiwa fidia duniani na hesabu akhera. Amri ya kutotoka nje usiku, kama ile iliyotolewa Dar es Salaam siku zile, mwanao na aitii kwa ajili ya kulinda roho. Na askari asione amri hiyo kuwa ni ruhusa ya kumuua aliyetoka kumpeleka mgonjwa.

Nawe una haki yako hapa. Mtu alimjia Mtume akitaka jihadi, akamuuliza kama wazazi wake wako hai, akamrudisha kwao. Maandamano hayawi fardhi juu ya kijana mmoja mmoja. Ukiogopa uhai wake ukamkataza, ni juu yake kukutii. Mkataze kwa upole, wala usimlaani kwa kupenda haki. Anaweza kusema kwa kuandika, au kwa kumsaidia aliyekamatwa apate wakili.

Kuhusu mkubwa kuacha kazi, simwambii aache. Wakiondoka wanaomcha Allah watabaki nani? Abaki, na akijiona anapelekwa kwenye jambo asiloliweza, aombe zamu nyingine. Akiamriwa waziwazi kumpiga risasi asiye na silaha, akatae hata kama riziki hiyo itakatika.

Na kama siku zile aliua au alimjeruhi mtu pasina haki, istighfari peke yake haitoshi, kwa kuwa hiyo ni haki ya mja na ina wenyewe: warithi wa aliyekufa au majeruhi mwenyewe. Kama ameshuhudia, basi Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 283, kuwa anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Rais aliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kila panapotakiwa ushahidi wa kweli, iwe kwa tume au mahakamani, asinyamaze. Kama moyo unamsumbua, mwambie aje tukae baada ya Alasiri, mimi na yeye tu.

Wallahu aalam.