Kabati limejaa, cha kuvaa hakuna: mimi nilianza na kioo na tepu ya fundi

Mdogo wangu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema una urefu wa sentimita 155, nyonga pana, una miezi 3 kazini, kabati halifungi kwa nguo, na bado kila asubuhi ukisimama mbele ya kioo unajiona kama umeazima nguo za mtu. Wengi hapa wamekuambia ununue hiki na kile. Mimi nakuomba mwezi huu usinunue chochote. Hali yako nimeipitia yote, na kwa urefu nimekuzidi sentimita 3 tu.

Nilipoanza kazi Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, nilikuwa nakaa Mbezi. Mshahara wa kwanza ulinyooka soko la Karume kwenye mitumba, wa pili ukaenda Kariakoo. Nilinunua blauzi ndefu za kufunika nyonga, sketi za kufika katikati ya muundi, masweta mepesi ya kufungua mbele. Moja moja zilikuwa nguo nzuri kabisa. Nikizivaa nilikuwa mfupi na mpana kuliko Mungu alivyoniumba, na lawama zote nikautupia mwili wangu. Nilijinyima kula usiku kwa miezi kadhaa kwa sababu ya blauzi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja fundi cherehani wa mtaani kwetu. Tulikuwa na sare ya sendoff ya binamu yangu, na fundi mwingine alinishonea blauzi ya kitenge yenye kumwagika kuanzia kiunoni, pindo lake likatua pale pale nyonga zinapopanuka. Siku 2 kabla ya shughuli nikampelekea yule mama huku nalia. Hakufumua kiuno wala mikono. Alinisimamisha wima, akachukua chaki, akachora mstari vidole vinne juu ya pindo, akakata, akapinda upya. Nilipovaa tena nilikuwa na miguu! Nikamuuliza amefanya nini. Akasema, "Mwanangu, jicho linasimama pale nguo inapoishia."

Basi shika hilo kabla ya rangi, kabla ya fasheni. Pindo la blauzi ni mstari uliouchora mwilini. Ukiuchora kwenye nyonga, umewaambia watu watazame nyonga. Blauzi zako ndefu ulizonunua ili kuficha ndizo zinazotangaza.

Sketi nayo ni hivyo hivyo. Ikiishia kwenye shavu la mguu, pale mguu ulipo mnene zaidi, mguu mzima unaonekana mnene. Ishushe mpaka karibu na kifundo au ipandishe mpaka chini kidogo ya goti, mahali mguu unapoanza kuwa mwembamba. Mimi kutoka kiunoni mpaka hapo chini ya goti ni sentimita 57. Nimeandika kwenye simu, na hata nikiokota sketi Karume naipima kwanza kabla sijauliza bei.

Kuna na suala la kugawa mwili. Ukivaa suruali na blauzi ya kutoa nje, unajikata nusu kwa nusu, na sisi wafupi nusu kwa nusu inatunyima urefu. Jaribu theluthi: suruali ya kiuno cha juu, blauzi uchomekee, sehemu ya juu iwe theluthi moja na ya chini theluthi mbili. Ukitaka kugeuza, vaa kanzu fupi ya kufika juu ya goti na suruali ya kubana chini yake, nayo inakubali. Ila kwa sisi ile ya kwanza ni rahisi zaidi na haikosei.

Upana nao uupe zamu. Suruali ya bwanga inataka kitu cha kukaa mwilini juu, na modo, suruali ya kubana, inaibeba blauzi pana. Pana juu, pana chini, kwa sentimita 155, mwili unapotea ndani ya kitambaa.

Kuna dada ameuliza vipi sisi tunaojistiri. Dada, haya yanakuhusu sana. Kwenye dira au baibui mshono wa bega ndio unaosema nguo ni yako au umeazima: ukae kwenye mfupa wa bega, usiteremke mkononi. Na mtandio una pindo pia. Ukiuacha uning'inie mpaka nyongani umechora mstari ule ule. Uache uishie kifuani au juu kidogo ya kiuno, utaona gauni linavyorefuka.

Sasa zoezi. Kwa siku 20 za kazi piga picha kila asubuhi kabla ya kutoka, simu ukiiegemeza mahali pamoja, mwili mzima uonekane na viatu. Kioo kinadanganya kwa sababu tunajitazama usoni. Nilipoziweka picha zangu pamoja niliona siku 6 tu nilizopendeza, na zote 6 nilikuwa nimechomekea. Nguo zilizobaki sikuzitupa. Nilizikusanya kwenye mfuko wa salfeti nikarudi kwa yule mama. Nyingi zilitaka kupunguzwa urefu au kubanwa kiunoni, kazi ya dakika chache. Kwa fedha niliyokuwa nanunulia blauzi 2 alinirekebishia nguo 9.

Kitenge nakipa nafasi yake maana umesema Ijumaa mnavaa vitenge. Maua makubwa kama sinia kwenye mwili mdogo yanaumeza mwili, na mshono ukiyakata vibaya unabaki na nusu ua kifuani. Kabla fundi hajashika mkasi, mtandazie kitambaa mezani, mwonyeshe ua lipi likae wapi. Atakuambia kitambaa kitapotea. Kweli kitapotea kidogo, lakini kwenye yadi 6 gauni la mtu wa urefu wetu linatoka na kubaki. Vipande vinavyobaki ombeni vyote, nitarudi kwenye hilo. Na blauzi ya kuvalia sketi ya kitenge usiitafute kwa rangi kubwa ya kitenge. Tafuta rangi ndogo kabisa iliyojificha, ule mstari mwembamba wa haradali au doa la kijani, ununue blauzi ya rangi hiyo. Watu watakuuliza umeshonesha wapi.

Mapambo. Hapa nilikuwa mkosaji mkubwa: hereni kubwa, mkufu, bangili 5, kilemba, vyote siku moja. Siku hizi nachagua kimoja kiongee. Nikifunga kilemba, hereni zinakuwa vipini na shingo inabaki wazi. Nikivaa mkufu mpana wa shanga, blauzi haina maua na hereni ni ndogo. Kola ikiwa juu mkufu haupati pa kulala, uache nyumbani. Shingo fupi kama yangu inapenda ukosi wa V na cheni inayoshuka, kuliko shanga za kuizunguka shingo. Mkanda mpana wa vidole vinne unakula kiwiliwili kifupi chote. Tumia wa upana wa kidole kimoja, rangi ya suruali. Mkoba mkubwa wa kubeba dunia nzima ukining'inia nyongani unaongeza upana hapo hapo, hivyo fupisha kamba ufike kiunoni. Viatu vya kamba ya kifundoni ni vizuri ila vinaukata mguu. Simpo, kiatu kisicho na kisigino kirefu, ya kufunguka juu ya vidole, ya rangi iliyo karibu na ngozi yako, inaurefusha mguu bila mchuchumio wowote.

Vile vipande vya kitenge nilivyosema ndivyo vinavyonipa vilemba, kitambaa cha kufunga kwenye mpini wa mkoba, na hereni za kufunikwa kitambaa. Na kwa joto la Dar jihadhari na vidani vya shaba: jasho likikutana na shaba ngozi inapata ukijani. Si uchafu wala ugonjwa, unaoga unatoka. Kipake kidani rangi ya kucha isiyo na rangi upande unaogusa ngozi, kinatulia kwa siku kadhaa, kisha unarudia. Lakini kikikuwasha na kutoa vipele acha kabisa, huenda kina nikeli.

Ukimaliza mwezi wako ndipo urudi sokoni. Karume mara nyingi hakuna pa kujaribia, kwa hiyo nenda na tepu. Ukiisahau, funga kifungo cha suruali, uzungushie kiuno chake shingoni: ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, mara nyingi kitakutosha kiunoni. Kiinue kitambaa kwenye mwanga uone kama kimechoka, kagua kwapa na mshono wa katikati, vuta zipu mara 3. Soma lebo. Pamba, kitani na rayoni zinapumua. Polyesta asilimia 100 ndani ya basi la mwendokasi saa 1 asubuhi, umesimama umebanwa kutoka Kimara mpaka Kivukoni, inashika harufu hata kwa mtu aliyeoga vizuri. Kitani kinajikunja, ila mimi nakivumilia.

Nguo za kazi nilizo nazo sasa ni suruali 2 za kitambaa, nyeusi na ya buluu iliyokolea, sketi 2, moja ya kitenge, na blauzi 5. Nilihakikisha kila blauzi inakubaliana na kila cha chini, kwa hiyo ni mavazi 20 tofauti. Masika navaa suruali nyeusi na raba, simpo nazibadilishia ofisini. Jioni nafua blauzi ya leo, naanika, nalala bila kuwaza kesho.

Kaka aliyeuliza kama wanaume wamo: wamo. Shati la kutoa nje lisipite katikati ya zipu ya suruali. Koti la mtumba usilinunue kama mabega yamekuzidi. Mikono na urefu fundi anapunguza, mabega ni kulijenga koti upya na mafundi wengi hawalipatii.

Mdogo wangu, ile sketi yako ya kijani uliyosema unaipenda na hujawahi kuivaa hata siku moja, usimpe mtu. Ipime kutoka kiunoni hadi pindo, kisha pima mguu wako kutoka kiunoni hadi chini ya goti, uniandikie namba zote mbili hapa. Nina hakika inataka kukatwa tu.