Chambo gani kwa maji gani? Maswali yenu kuhusu kuvua bass

Tangu tuguse habari za bass, yule samaki wa mdomo mkubwa, meseji zenu hazijakauka, nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti. Nimechukua nne.

SWALI: Mzee wa Mshipi, salamu sana. Mi niko Nakuru, binamu yangu amekuja kutoka Marekani akaniachia rodi ya kuvulia, rili ya kukunjia uzi na boksi zima la chambo bandia, minyoo ya plastiki, vyura, mabati yanayozunguka, rangi zote duniani zimo. Nataka kwenda Naivasha kujaribu bass lakini nimeangalia video mpaka kichwa kinauma, kila mtu anasema kitu yake. Nianze na gani? – Wa Nakuru

JIBU: Wa Nakuru, binamu kama huyo mtunze. Ila hilo boksi lifunge kwanza, kwa sababu hapo ndo wengi wanapokosea, mtu anachagua chambo kilichompendeza yeye dukani alafu anaenda kutafuta maji ya kukirusha. Anza na maji. Ukifika ziwani angalia mambo matatu tu: maji ni masafi ama yana matope, kuna upepo ama yametulia, na pale unaporusha kuna nini ndani, magugu, miti, mawe au pako wazi. Ukishajua hayo, kwenye boksi lako vitabaki chambo vitatu vinne vya maana, vile vingine vyote vinaweza kulala nyumbani.

Sasa Naivasha yenyewe. Bass sio mwenyeji pale, aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na maji anayoishi siku hizi mara nyingi ni ya matope. Mto Malewa ukijaa unaingiza maji ya kahawia upande wa kaskazini, na tangu samaki aina ya kapi waingie ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanachimbua tope la chini kutafuta chakula. Kwenye maji kama hayo bass haoni mbali, anategemea sana mtikisiko, ana mstari ubavuni mwake unaohisi kitu kikipita karibu. Kwa hiyo mpe chambo kinachotikisa. Toa spina, ile yenye waya uliokunjwa, bati linalozunguka na sketi ya mpira, na kama unazo za bati la mviringo na za bati jembamba chagua la mviringo, linapiga maji kwa nguvu zaidi. Jembamba liache kwa maji masafi, kule linamulika kama kundi la visamaki.

Rangi? Hapa watu wananibishia kila siku. Maji ya matope tumia nyeusi, au nyeusi yenye bluu. Samaki anatazama kutoka chini kwenda juu kwenye mwanga, hizo rangi nzuri nzuri haoni, anachoona ni kivuli, na kivuli cheusi ndo kinachoonekana vizuri. Ukiwa na ile ya kijani-njano inayowaka pia sawa. Lakini zile za rangi ya samaki halisi, zenye magamba yaliyochorwa vizuri mpaka jicho, kwenye tope ni pesa imelala.

Alafu upepo. Naivasha asubuhi huwa imetulia, mchana upepo unaamka na mawimbi juu, yaani siku moja unakutana na maziwa mawili. Asubuhi kabla jua halijawa kali toa chura wa mpira umrushe juu kabisa ya magugu maji, mburute polepole, afike kwenye uwazi kati ya magugu umwache, umtikise kidogo, umwache tena. Bass akimpiga maji yanaruka na moyo wako unaruka, na mkono utataka kuvuta hapohapo. Usivute! Ngoja mpaka usikie uzito kwenye uzi ndo uvute kwa nguvu, ukivuta kwa kushtuka unamtoa chura mdomoni mwake. Upepo ukishaanza chura hana kazi tena, rudi kwenye spina na urushe upande ule mawimbi yanapopiga, visamaki vidogo vinasukumwa huko na bass anavifuata.

Kuna pia ile migunga iliyozama maji yalipopanda 2020, imekufa imesimama ndani ya maji. Hapo ukirusha chambo chenye ndoana iko wazi utaondoka umeupamba mti. Hapo ni mnyoo wa plastiki uliofungwa kwa mtindo wa Texas. Chukua kirisasi chenye umbo la risasi ya bunduki, kipitishe kwenye uzi, ncha iangalie rodi, kisha funga ndoana ile yenye kona mbili shingoni. Chomeka ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mnyoo, itoe pembeni baada ya nusu sentimita hivi, vuta mpaka jicho la ndoana liingie ndani ya kichwa, geuza ndoana, alafu pima inapolalia na uchomeke ncha ndani ya mwili wa mnyoo ibaki imejificha. Mnyoo uwe umenyooka, ukijikunja utazunguka ndani ya maji na uzi wote utasokoteka. Acha uzame kando ya mti, inua rodi kidogo, acha ushuke tena. Mara nyingi anaudaka ukiwa unashuka, kwa hiyo macho yawe kwenye uzi, ukiona umecheza au umeanza kwenda pembeni wenyewe, vuta. Uzi usiwe wa nguvu chini ya ratili 15, yaani uzito unaoweza kubeba bila kukatika, maana lazima umtoe kwenye matawi haraka.

Penye mawe tumia jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi na sketi, ya kahawia iliyochanganyika na nyekundu. Mwaka 1970 waliingiza ziwani kreifishi, wale kamba wekundu wa maji baridi, na bass anawapenda sana. Kreifishi akiogopa anarudi nyuma kwa mruko mfupi, basi jigi yako iende hivyohivyo, mruko, pumzika, mruko.

Na tafadhali usiingie peke yako kwenye mafunjo kwa miguu. Viboko wa Naivasha sio wa kwenye picha. Pale Kamere au Karagita tafuta mwenye boti anayejua wanapolala, na leseni ya uvuvi uiulizie mapema, sio ukiwa tayari na rodi majini.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania niko Dallas, napiga shifti za usiku, asubuhi nikitoka naenda kuvua kujiondolea stresi. Maji ni masafi unaona mpaka chini, samaki nawaona kabisa kwa macho lakini hawagusi. Na rafiki zangu wanataka twende Lake Fork, ziwa la huku Texas. Baridi nayo inaanza, niache mpaka kiangazi? – Dada wa Texas

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na shifti. Ukimuona yeye, ujue alishakuona zamani. Kwako ni kinyume cha yale niliyomwambia mwenzako wa Nakuru. Rudi nyuma, rusha mbali, usimwage kivuli chako majini. Uzi mwembamba wa flurokaboni, ule usioonekana kirahisi majini, ratili 8 hadi 10, na mnyoo wa rangi za asili, ile kijani ya tikiti maji yenye vitone vyeusi inatosha, hata bila risasi, uache uzame wenyewe taratibu. Hapa spina yenye kelele inamfukuza, labda siku ya mawingu na upepo. Na kama unaweza, ukitoka kazini nenda moja kwa moja kabla jua halijapanda.

Baridi isikukatishe tamaa. Damu ya samaki inafuata joto la maji, yakipoa mwili wake unapoa na hataki kukimbizana na kitu, anashuka kwenye kina na anakula kidogo. Jigi ndogo, chini kabisa, polepole mpaka uone unachoka. Kama unadhani unaenda polepole, punguza tena. Alafu mwishoni mwa baridi, maji yakikaribia nyuzi 15 mpaka 18 za Selsiasi, wanapanda kwenye maji mafupi kutaga, hapo hata mtu wa kuanza jana anapata.

Lake Fork ina sheria yake: bass wa kati ya inchi 16 na 24 anarudishwa majini, kwa hiyo nenda na rula. Leseni ya Texas ni lazima, ila ukivua kutoka ukingoni ndani ya hifadhi za jimbo hawadai leseni, kiingilio ndo utalipa.

SWALI: Chambo ni ghali, naweza kujitengenezea? – Fundi, Thika

JIBU: Unaweza. Kata mpini wa kijiko cha chai, toboa tundu kila upande, weka pete na ndoana ya matawi matatu upande mpana, ncha zilizokatwa uzipige tupa zisikate uzi. Kinayumba na kumulika vizuri kwenye maji ya wazi. Kwenye magugu usikipeleke kabisa, hautakirudisha. Ndoana ndo usinunue ya bei rahisi, bass ana nguvu, anazinyoosha.

SWALI: Bass mkubwa kuliko wote ni kilo ngapi? Tunabishana hapa. – Wavulana wa Kisumu

JIBU: Kama kilo 10 na kidogo, na wako wawili. George Perry alimpata wake Georgia, Marekani, mwaka 1932, kwa chambo bandia. Mwaka 2009 Manabu Kurita akapata mwingine ziwa Biwa, Japani, aliyezidi kidogo, lakini kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo mno wakahesabiwa sare. Huyo wa Japani alitumia samaki hai, kwa hiyo mnaosema chambo cha plastiki ni cha watoto, mna nusu ya ushindi.