Kwa mnaoanza kuwahoji wazee waliokuwa kwenye harakati

Wadogo zangu, usimuulize mzee "ulikuwa mwanaharakati?" Mimi nilianza hivyo, bibi mmoja akanijibu hapana mwanangu, siasa sikufanya, nilikuwa nabeba barua tu na kuwapikia wenzangu wakiwa kikaoni. Nikazima rekoda nikaaga! Kumbe barua zenyewe zilikuwa za watu waliokuwa wanasakwa na polisi, nikaja kuambiwa na mtu mwingine baadaye sana, na niliporudi kwake hali ilishakuwa mbaya hawezi kuongea hata dakika kumi. Inaniuma mpaka leo. Sasa hivi naomba tu anisimulie siku moja, alivyoamka, alienda wapi, nani alibaki na watoto. Siasa inatoka yenyewe humo.

Tarehe usibishane nazo. Muulize kama alishaolewa, kama mtoto wa pili alishazaliwa, mwaka utautafuta kwenye magazeti ya wakati ule.

Halafu jamani harakati sio za ujanani tu, hapa wengi mnakosea. Maggie Kuhn wa Marekani alistaafishwa kwa lazima akiwa na miaka 65, mwaka huohuo wa 1970 akaanzisha Gray Panthers, kundi la kupinga ubaguzi dhidi ya wazee. Aprili 2024 wanawake wazee wa Uswisi, chama chao wanaingia wenye miaka 64 na kuendelea, waliishinda serikali yao kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa kesi ya tabianchi. Na wale akina mama wa Plaza de Mayo, uwanja wa katikati ya mji mkuu kule Argentina, walianza 1977 kudai watoto wao waliopotezwa na serikali ya kijeshi, kuna walioendelea kuja uwanjani hapo kila Alhamisi mpaka wakawa mabibi wa kusukumwa kwenye viti vya magurudumu.

Kwa hiyo uliza "na siku hizi je?" kisha nyamaza. Hapo ndo utasikia magoti hayaruhusu maandamano ila simu anapiga usiku kucha kutafutia vijana dhamana, au utasikia uchungu, kwamba vijana wanamuita wapige naye picha jukwaani na kwenye kikao cha kuamua hawamuiti. Wengi wamenieleza hilo kwa sauti ya chini, baada ya chai.

Kabla hujaondoka msomee majina yote aliyoyataja. Mzee mmoja alinipigia saa nne usiku, niliondoe jina la rafiki yake kwenye simulizi kwa sababu watoto wa huyo rafiki hawajui chochote, nikaliondoa usiku uleule.