Siti kuishusha hakuifupishi baiskeli

Baiskeli yangu ya kwanza ya resi niliipendea rangi. Ilikuwa ya mtumba, bluu ya bahari, nyepesi hata nikaiinua kwa mkono mmoja pale sokoni Mtwara. Fundi aliponiona nachechemea kwa ncha za vidole juu ya bomba, akachukua spana. "Dada, tunashusha siti kidogo tu, utaizoea." Akashusha, miguu ikafika, nikalipa.

Sikuizoea. Safari ya kwenda Mikindani ni kilomita 10 hivi tu, lakini kila nilipofika chini ya lile Boma la zamani, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi na shingo imekakamaa. Msimu wa kusi ilikuwa mateso. Ilinichukua miezi kugundua kwamba sikuwa nakaa juu ya siti bali kwenye ncha yake. Mwili ulikuwa unajivuta mbele wenyewe kuufuata usukani. Ukijikuta unafanya hivyo, tatizo si kimo cha siti. Baiskeli ni ndefu, na kushusha siti hakuusogezi usukani hata nukta.

Huku kwetu ukisema "baiskeli ya kike" watu wanaelewa ile isiyo na bomba la juu, ya kupandia na kanga. Ni nzuri, lakini haihusiani na ninachosema. Wapo wanawake warefu wa miguu na wafupi wa kiwiliwili, wapo wa kinyume chake, na dada wawili wa kimo kimoja wanaweza kuhitaji fremu tofauti. Kwa hiyo usinunue kwa jina wala kwa rangi. Jipime.

Simama peku ukiegemea ukuta, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja mpaka kiguse juu kabisa, kama vile umekaa kwenye siti, kisha mtu akupimie kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni kwa tepu ya fundi cherehani. Mimi nilipata sentimita 73. Zidisha mara 0.65: takriban 47, ndiyo saizi ya fremu, inayopimwa kutoka katikati ya ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedali, kupanda na bomba la siti. Ile bluu ilikuwa 54! Kisha zidisha 73 mara 0.883, utapata 64.5, ambao ni umbali wa kutoka ekseli hiyo hadi juu ya siti. Kwangu hesabu hii ilikubali karibu kabisa. Nawe anzia hapo, halafu sikiliza magoti yako.

Kabla ya kuiuza ile ya kwanza nilijaribu kuiokoa. Nilibadilisha kile kipande kinachoshika usukani, kutoka milimita 120 hadi 90. Nilipata nafuu, ila haikutosha, na kukifupisha sana kunafanya usukani uyumbe. Fremu iliyokupita namba tatu haitengenezeki kwa vipuri.

Sasa ninayo ya 48, na usukani wa sentimita 38 badala ya 44, kwa sababu mabega yangu yana upana wa 37. Tofauti niliisikia kifuani kwanza, pumzi ilifunguka. Breki nazo zilikuwa mbali na vidole vyangu vifupi, mpaka fundi mmoja wa Lindi akanionyesha skrubu ndogo iliyojificha kwenye mkono wa breki. Akaizungusha kidogo, mkono ukasogea. Breki nyingi za resi zinayo, iulizie.

Siti ni yako peke yako, usikubali ya kuazima. Kaa juu ya kipande cha boksi kwenye benchi gumu, inama mbele kidogo, inuka, upime kati ya mashimo mawili yaliyoachwa na mifupa ya makalio. Siti iwe pana kuliko kipimo hicho kwa sentimita 2 au 3. Na kama sehemu laini zinauma, tafuta yenye uwazi katikati. Usione haya kulisema hilo mbele ya fundi.

Kwenye fremu ndogo kuna jambo moja la kuangalia kabla hujatoa hela. Weka pedali usawa, unyayo juu yake, kata usukani. Je, kidole cha mguu kinagusa tairi la mbele? Ndiyo maana Mmarekani Georgena Terry, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985, aliziwekea baiskeli zake za wanawake wafupi tairi dogo la mbele. Yangu inagusa kidogo sana, na ukiwa kasi usukani haukatwi kiasi hicho. Nakumbuka tu ninapogeuka polepole, kama pale ninapoipinda kurudi Mtwara.