Gandisheni Matunda, Si Maji: Maswali na Majibu Kuhusu Kokteli za Matunda

Joto la Septemba na Oktoba hapa Mwanza limewafanya wasomaji wengi waandike kuhusu kokteli za matunda zilizogandishwa, na kwa kuwa msimu wa mahafali, kipaimara, harusi na Krismasi uko mbele yetu, nimeyakusanya maswali yanayojirudia zaidi. Ninawaandikia wanaojua kutumia blenda na wanaopima kwa kikombe. Sitaeleza namna ya kumenya embe.

Kokteli yangu ya embe ikikaa mezani dakika 10 inageuka maji yenye rangi ya embe. Nikiongeza sukari, mgeni wa kwanza anaiona tamu mno na wa mwisho anaiona chapwa. Nifanyeje? (Msomaji, Nyakato)

Acha kutia barafu. Kila kibonge unachotumbukiza kwenye jagi ni maji matupu, nayo yakiyeyuka hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya kinywaji chako. Kinachopaswa kugandishwa ni tunda lenyewe. Kata embe vipande vidogo, vitandaze kwenye trei visigusane, viache ndani ya friza hadi vikauke kwa ugumu, kisha uvikusanye kwenye chombo chenye mfuniko. Ukivirundika vikiwa bado laini, vitashikamana kuwa donge moja ambalo utalazimika kulivunja kwa mchi. Nanasi, papai na ndizi mbivu iliyomenywa hugandishwa vivyo hivyo, ingawa ndizi hupakwa maji ya ndimu kwanza ili isiwe nyeusi. Juisi ya pasheni hugandishwa kwenye trei ya vibonge. Asiyeweza kabisa kuishi bila barafu agandishe tikiti lililotolewa mbegu, kwa maana zaidi ya asilimia 90 ya tikiti ni maji, ila ni maji yenye ladha.

Kwa wageni 6 tumia gramu 600 za embe lililogandishwa, gramu 200 za nanasi lililogandishwa, mililita 90 za maji ya ndimu, mililita 90 za shira iliyochemshwa kwa kipimo sawa cha sukari na maji kisha ikapoa, na mililita 180 za pombe kali, yaani toti moja ya mililita 30 kwa kila mgeni. Ukitumia Konyagi, ambayo ina kilevi cha asilimia 35, jagi zima litakuwa na kilevi cha asilimia 5 hivi, ukali unaokaribiana na wa bia. Kipimo hicho kina sababu yake. Sukari na kilevi huyazuia maji yasigande yakawa jiwe. Vikizidi, mchanganyiko hubaki uji mwepesi hata ukilala kwenye friza usiku kucha, na vikipungua utahitaji nyundo. Ndiyo maana ninawalaumu wanaomimina chupa kwa kukadiria kwa jicho, halafu wananiandikia kwamba friza yao ni mbovu.

Jambo moja zaidi ambalo hukuliuliza: baridi kali huudanganya ulimi, hivyo kinywaji kilichoganda huonekana hakina utamu wala ukali wa kutosha. Ongeza shira kidogo kama ni lazima, lakini pombe usiiguse. Kilevi kiko palepale, na mgeni aliyekunywa glasi tatu kwa kudhani ni juisi ndiye atakayetaka kuendesha gari hadi Kisesa.

Katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba nimepata barafu ya bei nafuu sana, mabonge makubwa. Je, ninaweza kuisaga kwenye blenda kwa ajili ya vinywaji vya harusi? (Msomaji, Pasiansi)

Swali hili linanifikia kila msimu, na kila msimu jibu ni lilelile: hapana. Barafu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya sangara. Hata kama maji yake yalikuwa safi yalipotoka kiwandani, bonge hilo limeburutwa sakafuni, limefunikwa gunia, limevunjwa kwa chuma kilichokuwa kimelala chini, na pengine limekaa ndani ya boti pamoja na samaki. Wafanyabiashara wa zamani wa ziwa hili hawajasahau kwamba mwishoni mwa mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu kwa sababu ya kipindupindu. Kama ugonjwa huo ulitosha kufunga soko la nchi kadhaa, basi utatosha pia kuiharibu harusi ya mwanao.

Barafu ya kunywa hutengenezwa kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, kwenye trei iliyooshwa kwa maji hayohayo. Maji ya kuchemsha yakitokota kwa nguvu kwa dakika 1 yanatosha, kwa kuwa mwinuko wa ufukwe wa ziwa letu ni mita 1,134 hivi, chini ya mita 2,000 ambako ndiko wataalamu hushauri kuongeza muda hadi dakika 3. Yapoe yakiwa yamefunikwa. Na matunda nayo yaoshwe kwa maji ya namna hiyo kabla hayajakatwa. Tikiti na nanasi vilivyokwisha kukatwa na kupangwa kando ya barabara, vikinyunyiziwa maji ya ndoo ili ving'ae, sivitaki katika jagi langu na sikushauri uviweke katika lako.

Lakini si baridi ya friza huua vijidudu? (Wasomaji kadhaa)

Haiui. Huvilaza tu, navyo huamka tumboni.

Blenda yangu inanguruma, visu havizunguki, na inatoka harufu ya kuungua. (Msomaji, Buzuruga)

Umeanza kwa kutia vitu vigumu. Kimiminika hutangulia, vinafuata vilivyo laini, na vilivyoganda huwekwa mwisho, kisha unasaga kwa kugusa na kuachia hadi mchanganyiko uanze kujizungusha wenyewe. Ruhusu vipande vikae nje ya friza dakika 5 kabla ya kusaga. Harufu ya kuungua inatoka kwenye mota. Zima, iache ipoe, na usijaze jagi zaidi ya theluthi mbili.

Niliweka kwenye friza chupa ya soda na chupa ya pombe kali. Soda ilipasuka, lakini pombe haikuganda hata kidogo. Je, nimeuziwa pombe bandia? (Msomaji, Igoma)

Kutoganda si dalili ya ubandia. Pombe kali ya asilimia 40 huganda kwenye nyuzi hasi 27 hivi, ilhali friza ya nyumbani huishia karibu na nyuzi hasi 18. Pombe iliyoganda kama maji ndiyo ingekutia shaka, kwa kuwa huenda imezimuliwa. Soda nayo ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, tena humo ndani mna gesi. Kioo hakina namna ya kuvumilia hayo. Tupa kila kilichokuwa karibu na chupa hiyo bila kifuniko, maana vipande vya kioo havionekani ndani ya embe lililosagwa.

Kwa kuwa umegusia pombe bandia, niseme na hili. Kuna watu wanaotia gongo kwenye kokteli kwa hoja kwamba matunda yataficha harufu. Gongo ni haramu kisheria, na pombe isiyotengenezwa chini ya uangalizi inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Ulimi hauwezi kuitambua, na friza haiwezi kuiondoa. Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya kodi, kwenye duka ambalo kesho utalikuta mahali pake.

Machungwa ya kwetu Ukerewe yanafaa kugandishwa? (Msomaji, Nansio)

Yanafaa. Kamua, chuja mbegu, gandisha juisi kwenye trei. Vipande vizima vya chungwa vikigandishwa huacha uchungu wa ngozi nyeupe.

Nikisaga nanasi na maziwa, kinywaji huwa kichungu baada ya muda. Maziwa yameharibika? (Msomaji, Nyegezi)

Hapana. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na kuligandisha hakukiui. Lichemshe nanasi dakika chache kisha lipoe, au tumia la kopo ambalo tayari limepitia moto, au achana na maziwa utumie tui. Tui na nanasi ndiyo piña colada, kinywaji kilichotangazwa rasmi kuwa kinywaji cha taifa cha Puerto Rico mwaka 1978. Huhitaji kopo la nje, unahitaji nazi isiyonuka, tui zito la kwanza, na sukari kidogo. Tui likijitenga ndani ya friza usilitupe, blenda italirudisha. Likikaa nje saa kadhaa katika joto hili, hilo litupe.

Umeme ukikatika usiku wa kuamkia sherehe, matunda yote yametupotea? (Msomaji, Mkolani)

Friza iliyojaa na ambayo haikufunguliwa hukaa na baridi yake karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Wanaoipoteza baridi hiyo ni wale wanaofungua kila nusu saa ili wahakikishe kama baridi ipo. Vipande ambavyo bado vina chembe za barafu vinaweza kurudishwa, ingawa vitakuwa laini zaidi.

Tunakwenda ufukweni na friza haipo. Kokteli zitafikaje? (Msomaji, Bwiru)

Zisage nyumbani asubuhi, zitie kwenye vyombo vya plastiki vyenye mifuniko inayobana, uzigandishe, kisha uvipange ndani ya deli. Zizungushie barafu iliyochanganywa na chumvi, sehemu 3 za barafu kwa sehemu 1 ya chumvi kwa uzito, kwa sababu chumvi huifanya barafu iyeyuke huku ikishuka baridi chini kabisa ya sifuri. Kwa kazi hii, nje ya chombo, barafu ya mwaloni inaruhusiwa. Futa mfuniko kwa kitambaa safi kabla ya kufungua, na mpige marufuku yule mjomba anayependa kuokota kibonge kwenye deli na kukitia kwenye glasi yake.

Kwenye kipaimara kutakuwa na watoto. Naweza kutengeneza jagi moja, halafu wakubwa wakajiongezea pombe? (Mama, Isamilo)

Ndivyo ifanywavyo, Mama, ila wasijiongezee wenyewe. Saga jagi la watoto kwanza, badala ya pombe utie kiasi hichohicho cha juisi baridi ya chungwa, ulipeleke mezani, ndipo usage la wakubwa. Yawe na rangi tofauti: la embe liwe la watoto, la tikiti liwe la watu wazima, na meza ziwe mbili. Lisilo na kilevi litakuwa gumu zaidi likitoka friza, hivyo liache nje dakika 20. Mwenye umri chini ya miaka 18 hapewi la wakubwa hata akiwa ndiye mwenye sherehe.

Mume wangu yuko kwenye dozi ya Flagyl, dawa ya kuua vijidudu. Toti moja tu iliyogandishwa itamdhuru? (Msomaji, Butimba)

Amuulize aliyemwandikia dawa. Hadi hapo anywe la watoto.