Uswisi niende mwezi gani?

SWALI: Shikamoo anti, mdogo wangu kaolewa Uswisi ananiita nikamsalimie, kasema mwezi nichague mwenyewe. Mi nimezoea joto la huku Nyegezi, niende lini? Mama Wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Septemba, ndo kiangazi chao, njia za juu milimani theluji imeshayeyuka na maua kibao, afu jua Juni linazama saa tatu usiku na ushee yani mnakula nje kweupe kabisa, wakati Desemba saa kumi na moja jioni giza linaingia na sisi watu wa Ziwa hilo linatuchosha roho. Theluji hutaikosa: treni inakupandisha mpaka Jungfraujoch, kituo kilicho juu milimani, mita 3,454 toka usawa wa bahari, huko ipo mwaka mzima, kwa hiyo koti zito beba hata kama ni Julai. Novemba achana nayo, ukungu mwingi na magari mengi ya kebo, yale ya kupandia milimani, yanafungwa kwa matengenezo. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwemo, unaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla, anza mapema tafadhali, kiangazi foleni inakuwa ndefu.