Umeme ulikatika, faili likafunguka tupu: mahali pa kutafuta msimbo wako
Ndugu yangu, umeeleza kwamba umeme ulikatika ukiwa unaandika ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ulipowasha kompyuta faili likafunguka tupu, na komiti yako ya mwisho ya Git, yaani mara ya mwisho ulipoweka kumbukumbu ya mradi katika mfumo huo wa kutunza matoleo, ni ya wiki tatu zilizopita. Yalinikuta hayo hayo, nami kazi yangu niliipata karibu yote, kwa hiyo nakusihi usianze kuandika upya.

Kwanza nakili folda nzima ya mradi, pamoja na folda iliyofichwa ya .git, uiweke kwenye diski nyingine. Usihifadhi lile faili tupu, wala usiendeshe amri ya git gc, kwa sababu kazi yake ni kufagia vitu visivyoshikiliwa na komiti yoyote, na kwa kawaida huvifuta vikishapita wiki mbili. Navyo ndivyo unavyovitafuta.

Mimi nilikuwa nikitengeneza programu ya mikopo ya kikundi cha akiba. Faili la mikopo.py lilionyesha ukubwa wake ule ule wa kilobaiti 11, lakini ndani hamkuwa na herufi hata moja, bali baiti za sufuri mwanzo hadi mwisho: mfumo ulikwisha kuandika ukubwa wa faili kabla maandishi yenyewe hayajafika kwenye diski. Nilikaa nikiitazama ile skrini kwa muda mrefu.

Kilichoniokoa ni kwamba tangu toleo 1.66, la Machi 2022, VS Code huweka nakala pembeni kila unapohifadhi faili, hadi nakala 50 kwa kila faili, nje kabisa ya folda ya mradi. Fungua Timeline chini ya orodha ya mafaili. Isipoonyesha kitu, ingia mwenyewe ~/.config/Code/User/History kwenye Linux, au %APPDATA%\Code\User\History kwenye Windows. Utakuta folda zenye majina yasiyosomeka, na ndani ya kila moja faili la entries.json linalotaja faili la asili lilipokuwa na wakati wa kila nakala. Nilitafuta neno mikopo.py katika hizo entries.json zote kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, folda yangu ikajitokeza, na nakala yake ya mwisho ilihifadhiwa dakika saba kabla ya giza.

Faili la pili, riba.py, nililihariri kwa nano, kihariri kingine cha maandishi, hivyo VS Code haikuwa na habari nalo. Hata hivyo nilikuwa nimelipitisha kwenye git add, na amri hiyo huhifadhi maudhui yote ndani ya .git/objects papo hapo, hata usipokomiti. Toleo la mwisho nililitoa kwa git show :riba.py > riba-mpya.py. Matoleo ya git add za awali niliyapata kwa git fsck --lost-found, ambayo huyaweka ndani ya .git/lost-found/other bila majina. Hapo tafuta kwa grep jina la funksheni unayoikumbuka.

Ukiambiwa kwamba kitu fulani ndani ya .git/objects ni tupu, usikifute bado. Bandika ujumbe huo hapa kama ulivyo, tuutazame pamoja.